Jina Lililofungwa Alfajiri

Maiti hatoki damu. Nimelijua hilo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Kwa hiyo nilipompasua yule bibi chini ya mtulinga ili nimtoe kishikizo, na tone jekundu likajitokeza polepole na kusimama juu ya ngozi, niliweka kisu kwenye trei, nikavuta kiti, nikakaa. Nilitaka kwanza nijue kama kinachonisumbua ni macho yangu au ni yeye.

Nikachukua kipimo cha kusikilizia moyo, nikakiweka kifuani pake, nikatazama saa ya ukutani. Watu wengi husikiliza sekunde kumi wakaridhika. Mtu aliyepoa sana ukimsikiliza sekunde kumi utamzika. Nilisikiliza dakika nzima, nje majani yakiwa meupe kwa umande ulioganda, nikahesabu mapigo kumi na manne. Nikarudia dakika ya pili. Kumi na manne. Pumzi zilikuwa tatu, ndogo mno, na kioo changu cha mfukoni kilizinasa kwa shida.

"Bibi," nilimwambia, ingawa hakunisikia, "wewe hukutakiwa kuletwa huku na sabuni ya kuogeshea."

Kioo cha taarifa kilicho juu ya kitanda kilikuwa na maoni tofauti. Kiliandika: SAILINA CHAULA. MIAKA 71. JINA LIMEFUNGWA SAA 12:50 ALFAJIRI.

Majirani zake wawili ndio waliomleta kwa bajaji, wamemfunika blanketi mpaka usoni. Walimkuta shambani kwake, kati ya matuta ya viazi, alikokwenda kuangalia kama barafu ya Juni imeunguza majani. Walipofika naye hapa walinisalimu, wakanipa pole, wakaondoka haraka kwenda kuchimba kaburi. Hawakukosea kumleta kwangu. Kishikizo ni mali ya serikali na hakizikwi na mtu. Kinawekwa chini ya ngozi mtoto akiwa na wiki moja, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, nacho kinapima joto, mapigo na pumzi na kupeleka habari kwenye Daftari mchana na usiku. Vyote vitatu vikipotea kwa nusu saa, Daftari linafunga jina, linatuma ujumbe kwa ndugu, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kanisa, halafu mwili unaletwa kwa mtu kama mimi, tabibu wa kituo cha milimani, nikichomoe.

Kipimo changu cha kawaida cha joto kinaishia nyuzi thelathini na nne. Chini ya hapo kinaandika kosa. Nilikuwa na waya wa zamani wa kupimia ndani ya mwili, niliurithi kwa tabibu aliyenitangulia, nikauingiza taratibu. Ishirini na sita na nukta nane. Misuli ilikuwa migumu, mboni za macho hazikushtuka kwa mwanga, na hakuwa akitetemeka. Kutetemeka ni kwa mtu ambaye mwili wake bado unapigana. Wake ulikuwa umeshaacha.

Nikachukua kibao cha kabati la dawa, kile kinachosoma vidole, nikakilaza kidole gumba cha bibi juu yake kwa upole. Kwa mtu wa baridi namna ile, ukimrusharusha tu kitandani moyo unaweza kuchanganyikiwa na kusimama. Kabati letu lina sauti ya kike, yenye adabu kutushinda sisi wote.

"Naomba maji ya mshipa yaliyopashwa, oksijeni yenye mvuke wa moto, na kitanda kiwashwe," nilisema.

"Samahani, Tabibu Sekela. Jina hili limefungwa. Pole kwa msiba."

"Hajafa. Namsikiliza hapa."

"Pole kwa msiba," likarudia, kwa sauti ileile.

Sikulitukana, maana niliwahi kulitukana mara moja likaniandikia barua. Tena sheria yenyewe ilikuja kwa sababu nzuri. Kabla ya Daftari kulikuwa na wagonjwa hewa: mtu amezikwa tangu masika, jina lake bado linachukua dawa kituoni, na dawa zinauzwa madukani. Wakaamua jina likifungwa lisifunguliwe, na wakaliunda Daftari bila kitufe cha kulifungua. Sisi wahudumu nasi wakatufungia kabati. Jina langu halitoi hata sindano moja katika kituo ninachofanyia kazi. Gari la wagonjwa halibebi jina lililofungwa, na hata lingembeba, barabara yetu ya mawe ingemuua kabla ya daraja la kwanza.

Kwa hiyo nilikuwa na mtu hai, na sikuwa na kitu cha kumpa.

*

Binti yake nilimsikia kabla sijamwona. Kwetu mtu haingii msibani kimya. Kilio unakianzia njiani ili walio ndani wajue kuna mwenzao anakuja. Felista aliingia na khanga kichwani, beseni jipya mkononi, akafika hadi miguuni pa kitanda akilia jina la mama yake, nami nikamshika mabega.

"Dada, nyamaza kidogo unisikilize. Mama yako anapumua."

Alinyamaza. Akanitazama, akamtazama mama, akatazama kile kioo.

"Lakini nimetumiwa ujumbe," alisema.

"Najua."

"Nimelia kutoka kule kwenye kinu mpaka hapa. Watu wote wamenipa pole. Mwenyekiti ameshachinja."

"Mchinjaji atajua la kufanya. Njoo unisaidie."

Nilimkalisha karibu na kichwa. Nilianza na nilivyokuwa navyo: nikafunga madirisha, nikamvua bibi nguo zilizolowa umande, nikamkausha kwa kumgusagusa tu, nikamfunika mablanketi manne makavu na kofia ya sufu. Wakati wa kumvua, nilipofungua kitenge cha kifuani, ambacho mwanzo nilikilegeza juu tu, kikaanguka kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake kiazi kilichochomwa, kimeshapoa. Ngozi iliyozunguka kishikizo, nilipoitazama sasa vizuri, ilikuwa na madoa ya kahawia yaliyoshikana kama wavu. Madoa hayo ninayaona kwa watu wanaokaa karibu sana na moto kila siku, kwa miezi.

"Felista. Hiki kiazi ni cha nini?"

Aliinamisha macho. "Si mama peke yake, daktari. Wazee wote wa huku juu wanafanya."

"Wanafanya nini?"

"Wanakipa kishikizo joto."

Basi akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujiona mjinga, maana nina miaka kumi na moja hapa na sikuwahi kuambiwa. Ni hivi. Mzee akishuka chini ya nyuzi thelathini na tano na nusu, Daftari linaleta gari kumchukua hadi Nyumba ya Joto, kule bondeni, akae mpaka baridi iishe. Chakula kipo, kitanda kipo, televisheni ipo. Ila mbuzi wake hawapo, na viazi vyake haviko, na akirudi Septemba anakuta jirani amesogeza mpaka. Ndipo bibi mmoja, hakuna anayemkumbuka jina, akagundua kwamba kiazi cha moto kikifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya kishikizo, Daftari linasoma thelathini na saba kwa muda wa saa nne. Unachoma kimoja alfajiri, kimoja mchana, kimoja jioni, na gari haliji.

"Na anajisikiaje siku hizi?" niliuliza. "Mwezi huu, mwezi uliopita."

"Amekuwa mzito. Analala sana. Sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Tunamtania kwamba anataka kuimba besi kanisani."

Nikamtazama upya. Uso ulikuwa umevimba bila shimo kubaki ukiubonyeza, ngozi kavu kama ya kisigino, nyusi zimeisha upande wa nje. Nikainua kidevu. Chini ya shanga zake, kutoka upande mmoja wa shingo hadi wa pili, kulikuwa na kovu jembamba, la zamani sana.

"Hili ni la kukatwa rovu, ule uvimbe wa shingo?"

"Ndiyo. Walimkata akiwa msichana. Rika lake ndio walikuwa wa mwisho kuugua, baadaye chumvi ikabadilishwa, rovu likaisha."

"Kwa hiyo anakunywa vidonge."

"Kila asubuhi. Ila Daftari limempunguzia mara mbili mwaka huu. Alifurahi sana, daktari. Alisema anapona."

Kila kitu kilikuwa pale, kimejipanga. Mtu aliyetolewa tezi ya shingo hana moto wake mwenyewe. Vidonge ndivyo kuni zake. Daftari linapanga vidonge kwa kufuata joto la kishikizo. Likaona thelathini na saba kila siku, likasema huyu anatosheka, likapunguza. Yeye akazidi kupoa, akazidi kuchoma viazi, nalo likazidi kupunguza. Asubuhi ile akaingia kwenye barafu akiwa tayari ni baridi, akaishiwa nguvu, akaanguka, na kiazi kikapoa upesi kwenye barafu, huku mapigo na pumzi vikiwa hafifu mno kishikizo kuvisikia. Walioliunda Daftari hawakuwa wapumbavu. Waliliwekea kanuni kwamba joto la mtu likionekana linashuka kidogo kidogo, jina lisifungwe mpaka apashwe kwanza, kwa sababu mtu wa baridi hufanana na mfu. Ila kwake halikuona mtu anayepoa. Liliona mtu mwenye afya, wa nyuzi thelathini na saba, aliyezimika ghafla, na mtu wa namna hiyo kanuni haimlindi.

Mablanketi peke yake yasingetosha. Unaweza kumfunika mtu asiye na moto mpaka kesho, atabaki baridi ndani ya blanketi. Alihitaji homoni ya tezi kwenye mshipa, na dawa ya kuitangulia ili mwili usizidiwe. Zote mbili zilikuwa kabatini, hatua sita kutoka kitandani. Kabati lilihitaji kidole cha mtu ambaye jina lake liko wazi, na awe amelazwa.

Kituo kizima kilikuwa na mtu mmoja wa namna hiyo.

*

Mzee Ambakisye Luvanda alikuwa katika chumba cha pili, siku ya tano ya kichomi, anaendelea vizuri. Alikuwa fundi bomba wa mradi wa maji miaka thelathini. Moyo wake ni wa kukimbia ovyo, na anatulizwa kwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nilipoingia alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono wake wa kulia umening'inia nje ya shuka.

Nitasema nilichofanya. Nilipiga magoti, nikakishika kidole gumba chake, nikakileta hadi juu ya kibao. Ilibaki nafasi ya karatasi. Sababu za kuliandikia Daftari kwamba homoni ni yake nilikuwa nimeshazipata: mapigo yake ni ya taratibu kwa ajili ya vidonge vyake, umri unaruhusu, Daftari lisingeuliza mara mbili. Nilijiambia asipojua hataogopa. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na akili. Halafu nikaona nimekishika kidole chake vile wale wezi wa dawa wa zamani walivyoshika majina ya marehemu, na huyu alikuwa bado anakoroma.

"Baba," nikasema. "Shikamoo."

Akafumbua macho. "Marahaba." Akatazama chini. "Umenishika kidole."

"Ndiyo."

"Cha nini?"

Nikamwambia yote, toka tone la damu hadi kiazi. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye jina la Sailina akaguna.

"Yule wa shamba la juu? Mbishi yule. Kwenye kikao cha maji aliniita mwongo mbele ya watu."

"Alikuwa na haki?"

"Alikuwa na haki, ndiyo maana iliniuma. Sasa nikikubali, mimi kitanipata nini?"

"Daftari litaandika kwamba homoni umepewa wewe. Likishaandika hivyo, litasimamisha vidonge vyako vya moyo kwa siku nne, hadi likupime upya. Siku nne moyo wako utakuwa peke yake."

"Utasimama?"

"Unaweza kukimbia. Ukikimbia sana, damu inaweza kuganda ikapanda kichwani. Inawezekana pia usisikie chochote. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Kule chumba cha kwanza nilimsikia Felista akimwimbia mama yake kwa sauti ya chini.

"Mbona umeniamsha?" aliuliza hatimaye, na alikuwa amekasirika kweli. "Ungebonyeza tu. Ningeamka nikakuta yamekwisha, ningekutukana siku mbili, ningekusamehe. Sasa nikikataa, kila asubuhi nitaamka najua nimemzika Sailina. Nikikubali, ni moyo wangu. Ulikuwa mzigo wako, binti. Umenitwisha mimi."

"Ndiyo, baba. Nimekutwisha."

"Na huoni haya?"

"Naona sana."

Hilo lilimfanya anitazame vizuri. Nadhani alitegemea nijitetee. Alikuwa amesema kweli: nilimwamsha ili niwe msafi, na usafi wangu ulikuwa unamgharimu yeye. Bado sijui kama kumwacha alale kungekuwa ukatili zaidi au pungufu. Nimeliwaza sana tangu siku ile.

Akauchomoa mkono wake kutoka kwangu, akajifuta kidole kwenye shuka.

"Kilete hicho kibao," alisema. "Kidole changu nakibonyeza mwenyewe."

*

Kumpasha mtu joto ni kazi ya kukaa. Wanaodhani ni kazi ya mbio ndio wanaoua. Nilimpa dawa ya kutangulia, nikampa homoni, nikaanza maji ya mshipa yaliyopashwa, kwa matone, nikamfunga kinyago cha oksijeni yenye mvuke. Nilitaka apande nusu nyuzi kwa saa, basi. Ukimpandisha haraka, mishipa yake inafunguka yote kwa pamoja, shinikizo la damu linaanguka, na umempoteza akiwa ameanza kupata rangi.

Nilipogeuka kubadilisha chupa, Felista alikuwa ameshaweka miguu ya mama yake mapajani, ana mafuta ya moto viganjani, anaanza kuchua.

"Acha!" nilisema, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Aliinua mikono. "Kwetu mtu akipigwa baridi anachuliwa."

"Najua, na mtu mwenye baridi ya kawaida mchue upendavyo. Huyu damu ya miguuni ni baridi kuliko ya kifuani. Ukiichua inakimbilia moyoni mara moja, na moyo wake sasa hivi hauwezi kupokea mgeni. Mshike mkono tu. Usisugue, shika."

Akaushika. Macho yakamjaa machozi tena, ya namna nyingine. "Nilikuwa namuua," alisema.

"Hukuwa. Ulikuwa unampenda, nami nimekuzuia kwa wakati."

Saa sita mchana alikuwa ishirini na nane na nukta saba. Pale ishirini na tisa moyo uliruka mapigo kadhaa, nikasimama kama mti, nikasubiri bila kumgusa, ukajirudi wenyewe. Felista akampigia simu mwenyekiti kumwambia wasimamishe kaburi. Mwenyekiti alisema anashukuru Mungu, ila Daftari linaonyesha jina limefungwa, kwa hiyo watalifunika shimo kwa mabati kwanza, halafu wataona. Jioni, alipopita thelathini na mbili, bibi akaanza kutetemeka. Meno yaligongana, kitanda kikalia. Felista akaogopa. Mimi nililia kwa furaha, sioni sababu ya kuficha, maana mwili ulikuwa umerudi vitani.

Asubuhi ya pili tulikuta macho yamefunguka. Alitutazama kwa zamu, akaona khanga ya msiba kichwani kwa binti yake.

"Nani amekufa?" aliuliza, kwa sauti nzito ya besi.

Felista akaivua khanga haraka.

Tulimweleza akinywa uji. Alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za kijiji kingine. Tulipofika kwenye kidole cha Mzee Ambakisye aliweka kikombe chini, akataka kushuka kitandani kwenda kumshukuru, nikamzuia. Felista alikimbia nyumbani kutafuta vidonge vyake, akarudi na mfuko. Sasa angeweza kumeza. Vilikuwa vile vidogo alivyopunguziwa. Kwa kumpa vinne kwa mara moja, vilitosha siku tisa.

*

Moyo wa mzee ulianza kukimbia siku ileile, saa nane mchana. Nilimkuta ameketi, kiganja kifuani, jasho usoni, anajaribu kutabasamu.

"Umeamka huo," alisema. "Unakimbilia wapi sijui."

Mapigo mia moja sitini na nane, yasiyofuatana. Nilileta kibao mbio. Akabonyeza.

"Samahani, Mzee Luvanda," kabati lilisema. "Dawa ya mapigo imesimamishwa kwa sababu ulipewa homoni ya tezi. Itapitiwa upya baada ya siku tatu."

"Hakupewa yeye," nilisema.

Kabati likauliza: "Tabibu Sekela, je, unataka kufuta dozi hiyo kwenye jina la mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Tafadhali chagua sababu." Kwenye kibao yakatokea maneno mawili, basi. IMEMWAGIKA. IMEIBWA.

Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye la kwanza. Dawa ikimwagika hakuna anayeuliza. Chupa huanguka kila siku nchi nzima. Mzee angepata kidonge chake palepale, mimi ningebaki na kazi yangu, na jioni ningeenda kwangu kupika. Na Bibi Sailina angebaki alivyo: mtu anayekunywa uji, ambaye kwa serikali yuko chini ya mabati. Siku ya kumi angeanza kupoa tena. Ningehitaji kidole kingine, cha mgonjwa mwingine, na moyo mwingine wa kuuweka peke yake, halafu mwingine tena, maisha yake yote.

Dawa ikiibwa, mambo ni mengine. Anakuja mkaguzi, anakuja polisi, na kizibiti, yaani kitu kilichoibwa, hupelekwa mbele ya hakimu akitazame kwa macho yake. Homoni ile ilikuwa ndani ya mwili wa mtu mmoja. Hakimu asingeweza kuitazama bila kumtazama yeye, ameketi, anapumua, anajibu maswali. Hakuna aliyewahi kulipitisha jina lililofungwa mahakamani. Sikujua kama lingefunguka. Nilijua tu kwamba nchi nzima hakuna mlango mwingine.

Lakini nilishamtwisha mtu mmoja mzigo bila kufikiri sana. Nikakimbia hadi chumba cha kwanza.

"Bibi, nikiandika kwamba dawa imeibwa, watakuja polisi na hakimu, nao watakuuliza habari za kiazi. Wanaweza kukupeleka Nyumba ya Joto. Mimi wanaweza kunifunga. Nikibonyeza kwamba imemwagika, hakuna atakayekuja, ila huna dawa baada ya siku tisa. Sema wewe, na useme sasa hivi, mzee ana hali mbaya."

Alijiinua kitandani kwa kiwiko.

"Huyo hakimu anaona?" aliuliza.

"Anaona."

"Basi anione. Kimbia."

Nikarudi, nikabonyeza IMEIBWA. Kabati likafunguka. Nilimpa mzee kidonge, na kingine nusu saa baadaye, nikakaa naye nimeshika kifundo cha mkono, mia moja hamsini, mia moja ishirini na mbili, na saa kumi yakafika tisini, yakifuatana. Alipopata pumzi ya kuongea aliomba aone fomu ninayoijaza. Nikamwonyesha.

"Hapa umeandika ulinibonyeza kidole nikiwa nimelala."

"Ndiyo."

"Mwongo."

"Baba, ukiandikwa ulibonyeza mwenyewe, nawe utashtakiwa."

"Nimeitwa mwongo mbele ya watu mara moja, sitaki tena. Andika nilikuwa macho." Akajiegemeza kwenye mto, amechoka, uso umetulia. "Aliyeibiwa anaweza kusema nini mahakamani? Hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Tuandike wezi wawili."

Nikafuta, nikaandika wezi wawili. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumpenda mgonjwa yeyote.

Swali la mwisho la fomu lilikuwa fupi: mali iliyoibwa iko wapi kwa sasa? Niliandika: "Kitanda namba moja, inaongea. Njooni na hakimu, na mje kabla ya siku ya tisa."